Mafua Yangu na Vidonda vya Mama Yenu

Mkwe wangu na wajukuu,

Chai iko kwenye chupa. ~~Nitarudi jioni.~~ Sirudi leo.

Asubuhi nesi wa wodi ya walioungua alinizuia mlangoni kwa mafua haya. Nikamuuliza, "Mwanangu, vidonda vya binti yangu vimefungwa bandeji, mafua yangu yatapitia wapi?"

"Puani, bibi, kama yalivyopitia kwako."

Kumbe mtu akiungua sana, kinga ya mwili mzima hulegea kwa wiki nyingi. Kirusi kinachonipigisha mimi chafya kinaweza kumshukia yeye mapafuni. Nikamtegea kitendawili: walinzi wote wamekimbilia moto, mlangoni kabaki nani? Akasema, "Hakuna, na hao wa kwenye moto nao wameishiwa nguvu." Nimekiwaza njia nzima.

Kitindamimba, hicho kidonda cha homa mdomoni nacho kina kirusi, kikauke kwanza, ndipo ukambusu mama.

Mkwe wangu, umebaki wewe tu wa kuingia, na jana nilinywea kikombe chako. Kioshe kwa maji ya moto. Nimehamia kwa dada yangu mpaka nipone, nisije nikakuambukiza naye akakosa hata wewe. Kesho mshike ule mkono usioungua. Mwambie ni mimi nimemshika.

Bibi