Jogoo Hatakwenda Itetemia

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Nimeamka kabla ya jogoo wangu, kama kawaida. Rugaruga huwika baada ya kunisikia nakohoa. Toka Urambo mpaka Kigoma hakuna jogoo kama huyu. Mwaka jana alimfukuza kicheche. Chui pia, ila siku ya chui sikuandika. Nimemmwagia mtama. Jumamosi wanakuja wakwe kutoka Itetemia kupanga ndoa ya Nyamizi, binti wa dada yangu Kalunde. Wakiondoka watapewa Rugaruga. Mgeni wa heshima haondoki bila kuku hai mkononi, na mimi ni mjomba wa heshima.
Kuku wa jirani wanasinzia juani. Shingo zimepinda.

Jumanne, 6 Agosti
Kuku wa jirani wamekufa. Wameliwa. Bwana mifugo kaja na baiskeli, kasema ni mdondo. Tangu tuhamishiwe kijiji cha ujamaa kuku wetu wanadonoa pamoja, basi wataugua pamoja. Kijidudu chenyewe hakionekani kwa macho, tena kina ukoo: ndugu yake mmoja ndiye surua ya watoto, mwingine sotoka iliyomaliza ng'ombe wa babu zetu. Huyu wa kuku husafiri na kuku, na matenga, hata na nyayo. Dawa ya kuponya hakuna. Kuku wasitoke kijijini. Miguu tunawe kwa maji ya majivu.
Ukoo! Hata mimi nina ukoo. Babu yangu alibeba pembe mbili za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo, moja kila bega, huku anaimba. Tutaonana.

Alhamisi, 8 Agosti
Mitetea ya dada imekwisha. Mabawa chini, kinyesi kijani. Rugaruga mzima. Kijiji kinafanya kama siku zote mdondo ukiingia: kuku aliyebaki mpe mtu upesi, yeye apate mchuzi, wewe upate shukrani. Dada anasema Rugaruga aende kwa wakwe kabla hajaanza kusinzia.
Nimewaza. Mke wa Mzee Kapela, mama wa bwana harusi, tegemeo lake ni kuku. Wakifa, Nyamizi ataingia nyumba ile akiitwa aliyeleta kifo. Maisha yake yote. Nimekataa.
Naogopa. Naandika hapa tu.

Jumamosi, 10 Agosti
Wamekuja, wamekula, siku ya ndoa imepatikana. Kisha Mzee Kapela kasimama. Kamtazama Rugaruga, kanitazama mimi.
"Mjomba, njia ya kwetu ndefu."
"Najua, mkwe wangu. Nimekuwekea asali."
"Asali? Mimi nimekuwa nyuki?"
Watu wakacheka. Nikamwambia kuna mdondo, kuku hatoki. Nikawatengea beseni la maji ya majivu wanawe miguu kabla hawajashika njia. Hapo hawakucheka. Kumwambia mkwe miguu yako michafu! Kanawa kwa hasira. Debe la asali kaliacha kizingitini. Kasema habari ya ndoa watakwenda kuifikiria upya.
Dada analia. Nyamizi hanisemeshi. Mimi niliyelala pango moja na simba mwenye mimba, leo naitwa mchoyo mbele ya kijiji. Na niitwe. Jogoo hatakwenda Itetemia.

Jumatatu, 12 Agosti
Rugaruga amekufa alfajiri. Sikumla. Nimemchoma, nikamzika. Wananicheka: si bora ungempa mkwe! Chekeni. Huo ukoo wa mdondo umefika kwangu na umekwama kwangu.

Jumamosi, 31 Agosti
Kijijini hakuna anayewika. Nimepanda treni mpaka Tabora, nikatembea hadi Itetemia na debe la asali kichwani. Uani sikuingia. Nikasimama barabarani.
Jogoo wanawika kwa Kapela. Mitetea inalia, imetaga.
Mama wa bwana harusi kaniona. Kageuka, kaingia ndani. Nikajua basi. Kisha akatoka na beseni la maji ya majivu, akaliweka chini mbele yangu.
"Kwa jirani wamekwisha wote," kasema. "Alipewa zawadi ya kuku huko Urambo."
Akasimama pembeni, kashika kitambaa cha kujifutia.
Nikatua debe. Nikavua viatu.