Maswali ya Mama ya Saa Kumi

Jumatatu, 6 Julai
Leo tena. Saa kumi kamili simu ikalia — simu yangu mimi! — na Mama akanyoosha mkono kabla sijaiangalia. "Daktari huyo, lete." Daktari! Mke wa kaka yangu anauza kwenye duka la dawa mji mwingine, basi. Mimi ndiye ninayempeleka Mama kliniki, ninayempangia vidonge vya presha kila Jumapili, niliyemshonea barakoa zisizombana masikio.

Akavaa miwani, akafungua daftari lake la maswali. La kwanza: mikono inaoshwa kwa muda gani? Nimemwambia tangu ugonjwa huu uingie mwezi wa tatu! Wifi akasema sekunde ishirini. Mama akanigeukia: "Umesikia? Ishirini." Nilikanyaga cherehani mpaka uzi ukakatika.

Jumanne, 7 Julai
Nimesali kuhusu wivu. Sala imekwisha, wivu upo.

Jumatano, 8 Julai
Nimefanya jambo. Saa kumi kasoro nilizima sauti ya simu, nikaifukia chini ya vitambaa. Ikatetema weee! Mama alikaa na daftari magotini mpaka jua likaondoka dirishani. "Labda duka limejaa watu," akasema. Nikasema labda. Nikamchemshia chai. Mungu nisamehe, nilikuwa na furaha.

Alhamisi, 9 Julai
Nimerudia. Wifi katuma ujumbe: mbona hampokei, Mama mzima? Nikajibu mzima, mtandao tu unasumbua. Mimi huyu, wa kufunga na kusali!

Jioni nikamwambia Mama, si uniulize mimi, redio naisikiliza kutwa. Akacheka. "Wewe ukinijibu, mwanangu, naona kama nagombezwa." Yamenichoma.

Ijumaa, 10 Julai
Benchi la nje, zahanati. Naandika nyuma ya daftari la Mama, langu limebaki nyumbani.

Asubuhi alishika ukuta, akasema nyumba inazunguka. Nikafungua kopo lake la dawa. Vidonge vya presha — vya Jumatano, vya Alhamisi, vya leo — vyote vimo!

Hakunieleza kitu. Nimeyakuta humu, kwa mwandiko wake mkubwa, swali la nne, Jumatano asubuhi: "Kikundi cha sala wametuma sauti ya mtu anasema vidonge vya presha vinavuta huu ugonjwa. Ni kweli? Nisimeze kwanza, nimsubiri Daktari." Chini yake: "Hakupiga." Chini tena: "Leo pia hakupiga. Labda nimemchosha."

Nimemuuliza kwenye foleni, Mama, kwa nini hukuniambia? Akasema taratibu, "Ungenipigia kelele." Ningepiga. Najijua.

Wanaingiza mgonjwa peke yake. Mlango wameuacha wazi, hewa ipite. Muuguzi katoa kichwa sasa hivi: presha iko juu sana, dawa hizo hazikatizwi hata siku moja, nani alimwambia aache? Nikasema hakuna aliyemwambia kitu.

Hakuna aliyemwambia kitu!

Saa kumi. Simu inatetema juu ya mbao za benchi. Wifi. Mama kaisikia mpaka huko ndani, na barakoa yake mdomoni: "Mwanangu, si Daktari huyo? Ashukuriwe Mungu, hajanisusa! Muulize lile la nne. Na muulize, siku zote hizi alikuwa wapi?"

Bado inatetema.