Kompyuta ya Studio Imegoma Kuwaka

3 Machi

Shemeji,

Habari za huko? Sisi wazima, na presha ya mama imeshuka. Baridi imekuacha?

Kompyuta ya studio ya marehemu kaka yako imegoma. Ilikuwa inajisasisha, umeme ukakatika. Sasa ni maandishi tu kwenye kioo cheusi, inasema haioni diski. Fundi wa mtaani anataka afute kila kitu aanze upya. Nimemzuia. Sauti ya mume wangu imo humo, sina pengine nilipoiweka.

Najua kazini ulinyimwa ruhusa ya kuja mazishini. Sina kinyongo.

Shemeji yako

6 Machi

Shemeji yangu,

Mpe mama shikamoo zangu. Mimi mzima, kazi tu.

Fundi asiguse! Diski ni mbili, na kila kitu kimo kwenye zote. Kaka aliziunganisha kwa programu zifanye kazi kama moja. Kilichoharibika ni faili la kuwashia, ndilo linaloziunganisha kabla mfumo haujaamka. Tutalitengeneza upya. Washa kwa ile flashi niliyomtumia kaka, ingia ndani ya mfumo, kisha andika amri ya kulitengeneza, update-initramfs -u. Hatua zote nimeambatanisha.

Uliza chochote. Huku nalinda chumba cha mashine peke yangu, wiki nzima sijaongea Kiswahili na mtu.

Shemeji yako

9 Machi

Shemeji,

Hujambo? Mimi sijambo kidogo. Nimefuata yote, haikuwaka. Bado inalilia kitu inachokiita md0. Nimelia na mimi, nikarudi kwenye cherehani, nikashona kola ya mteja ndani nje.

Ila kwa flashi diski zinaungana, zinajiita md127. Ni kitu hicho?

Shemeji yako

10 Machi

Shemeji,

Ndicho chenyewe! Diski ni zilezile, ila faili la kuwashia linatafuta utambulisho wao wa zamani. Andika mdadm --detail --scan, utapata mstari mmoja wenye utambulisho mpya. Fungua faili la mdadm.conf, futa mstari wa zamani, weka huo. Halafu tengeneza faili la kuwashia tena.

Simu ikilia tu naruka.

Shemeji yako

17 Machi

Shemeji,

Mnaendeleaje? Mbona kimya? Hata kama imeshindikana, niambie.

Shemeji yako

20 Machi

Shemeji,

Nisamehe. Sote wazima. Iliwaka siku ileile uliponiandikia kuhusu ule mstari.

Nilijifungia studio na hedifoni masikioni. Watoto wakigonga nasema naja, siji. Sikutaka kugawana sauti yake na mtu, hata wewe. Jana binti yangu akaniuliza akiwa nje ya mlango, "Mama, baba anasema nini?" Nikafungua. Tumesikiliza sote.

Nakutumia rekodi hii. Alikuwa anajaribu maiki.

Shemeji yako

21 Machi

Shemeji,

Salamu kwa wote.

Nimeisikiliza kazini, mashine zikivuma. Anakohoa, anacheka, kisha anasema, "Haloo, Kijiti, unanipata?" Hakuna aliyeniita Kijiti tangu nipande ndege. Halafu ananyamaza, kama anangoja.

Nikasema, "Nakupata, kaka."

Nimerudisha nyuma, nikamjibu tena.

Kijiti