Jibu la Mke Wangu Lilibaki Kwenye Skrini

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie upesi kabla sijawa mgeni nyumbani kwangu mwenyewe. Mimi ni mwanafunzi wa saikolojia, mtu mzima mwenye mke, na nimetengeneza programu ya utafiti ambayo mtu anakaa mbele ya kompyuta, anaulizwa swali, anaandika jibu, na ninamwahidi kuwa hakuna atakayelisoma ila mimi, sasa mwanzoni herufi hazikuonekana kwenye skrini, washiriki wakanung'unika kwamba wanaandika kama vipofu, nikahangaika wiki nzima mpaka maneno yakaanza kutokea, nikafurahi kama niliyepata mtoto, na kwa kuwa washiriki walipungua nikaleta watu wa nyumbani, kumbe nimesahau kuiambia programu ifute maneno ya mtu akishatoka.

Akaanza mke wangu. Swali: "Nini kinakukera nyumbani?" Akatoka anatabasamu. Akaingia dada yangu mkubwa, aliyekuja kwetu kwa wiki mbili na sasa huu ni mwezi wa saba, akakuta: "Wifi. Nguo nikizikunja anazikunja upya, anaonja sufuria yangu na kutikisa kichwa."

Akaniita. "Mdogo wangu, hii nini?"

Nikababaika. "Dada, hiyo ni wifi ya intaneti, inasumbua sana."

"Intaneti ndiyo inayoonja sufuria?"

Akavuta kiti, akaandika kwa kidole kimoja nusu saa nzima. Tangu siku hiyo hagusi nguo wala sufuria, na mke wangu ananiuliza, "Wifi yangu anaumwa?" Kibaya zaidi, nimesoma jibu la dada: kwamba tangu mumewe afariki nyumba yake inamtisha kwa ukimya, na anazikunja nguo zetu ili tumwone ana kazi, tusimrudishe. Nikimwambia mke wangu, nimevunja ahadi. Nikinyamaza, naona wote wawili wanaumia. Nifanyeje?

Mtafiti Niliyejikaanga

Mtafiti, pole, ila pole yenyewe nakupa nusu. Unamkalisha mtu na wifi yake kwenye kompyuta moja, swali moja, halafu unashangaa moshi? Na huyo uliyemdanganya kwa intaneti ndiye aliyekubeba mgongoni ukiwa hujui hata kutembea. Aibu.

Siri ya dada yako si mali yako. Usimpe mkeo hata nusu sentensi. Leo hii simamisha utafiti, rekebisha programu, mweleze mwalimu wako ulichofanya, na majibu ya hao wawili yaondoe. Kisha mwambie mkeo ukweli unaomhusu: maneno yake yalionekana, na mzembe ni wewe. Atawaka. Mwache awake, na usithubutu kusema "lakini."

Halafu nenda kwa dada yako. Mwombe radhi kwa kosa na kwa uongo, maana ni vitu viwili. Ukimaliza, muulize kama ndugu: "Dada, unaendeleaje tangu shemeji atutoke?" Swali hilo ulipaswa kumuuliza siku aliyoingia na begi lake.

Akianza kusema, usishike kalamu.