Maji ya Mtaa Yamehamia Nyumba ya Chini

Papa yangu,

Mama amesema habari hii atakuambia mwenyewe siku mtakapokutana, na kwa jinsi alivyonuna akisema hivyo, naona heri uisikie kwangu kwanza. Maji machafu ya mtaa wetu wote, kuanzia nyuma ya maduka ya barabarani mpaka kwetu, siku hizi yanapita ndani ya nyumba yako. Si hii ya juu tunamolala, yenye duka mbele. Ni ile ya chini, ambayo hukuimaliza. Na mimi binti yako Kavira ndiye niliyesema ndiyo.

Kasirika kama unataka, ila nisikilize mpaka mwisho. Ulipokuwa hai ulikuwa unawakata watu maneno katikati, na leo angalau huwezi.

Unakumbuka simenti ya nyumba ile? Mimi naikumbuka kuliko masomo niliyosoma mwaka ule. Ulikwenda kuinunua Bukavu, gari likazama kwenye matope kabla ya kufika Hombo, mvua haikukatika, na wewe ukalala juu ya mifuko chini ya turubai kama kuku anayelalia mayai. Ulipofika hapa Mubi ulikuwa umekonda na sauti imekauka, lakini hakuna mfuko hata mmoja ulioganda. Mama alilia kwa hasira. Wewe ulicheka, ukaomba chai.

Kabla mawe hayajapandishwa kutoka mtoni ulituteremsha sisi watatu, Paluku, Masika na mimi, ili utuonyeshe nyumba. Hapakuwa na nyumba. Palikuwa na kamba zilizofungwa kwenye vijiti. Ukatupitisha kwenye milango isiyokuwepo, ukatukemea tuliporuka kamba badala ya kupita mlangoni. “Hapa njo salo, bageni bataingilia huku. Hapa chumba ya Paluku. Hapa ya babinti, sababu jua ya asubui inafikaka. Na hapa ya mimi na mama yenu.” Paluku alijilaza kwenye tope la chumba chake kupima kama miguu ingeenea, na Mama akampiga kofi kwa sababu ya suruali. Wewe ulisema hata tukioa na kuolewa, hata tukienda mbali namna gani, Noeli tutalala wote chini ya paa moja.

Msingi ulichimbwa mpaka kwenye udongo mgumu, kuta za mawe zikapanda mpaka kiunoni, vyumba vikaonekana. Halafu barabara ikafungwa. Mwaka mwingine tukakimbilia msituni kwa sababu ya vita, na tuliporudi duka lilikuwa tupu, ukaanza upya na chumvi na sabuni. Halafu ikawa karo zetu. Kila Januari ulisema mwaka huu tunaweka paa. Hata ulipokuwa umelala kitandani huwezi kuinuka, uliniuliza bei ya mabati. Nilikutajia bei, nikatoka nje nikakaa nyuma ya jiko nikalia.

Tulikuzika hapa hapa Mubi. Najua ulitaka Butembo, kwenu, lakini barabara haikuturuhusu. Padri alisema maneno mazuri juu yako, ingawa alisahau kusema juu ya mtaro wa mtaa uliokuwa ukiusimamia.

Mimi sijausahau. Hakuna mtu aliyechukia maji yanayosimama kama wewe. Jumamosi ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi wa mtaa, wengine wakingali wanatafuta majembe yao kwa makusudi wasiyapate, wewe ulikuwa umeshavaa buti zako za njano, unagonga madirisha: “Batu ba Mungu, mutoke, matope haijue kama wewe ni mufanyabiashara.” Choo chetu ulikimwagia majivu mwenyewe. Masika alipokuuliza kwa nini usimwachie mtu wa kazi, ukamjibu: “Muteja akiona choo chafu kwangu, ataninunulia sukari tena?” Na shimo lilipojaa ulilifukia, ukapanda mgomba juu yake, ukachimba lingine pembeni. Ndizi za migomba ile zilikuwa kubwa na tamu kuliko za soko. Masika aliapa hatakula, akaapa tena, mpaka siku moja tulimkuta nyuma ya jiko na maganda matatu miguuni.

Sasa nakuambia yaliyobadilika, maana ungerudi leo ungepotea kwenye mtaa wako mwenyewe.

Watu wameongezeka sana, Papa. Wanaokwenda machimbo na wanaotoka machimbo wote wanapanga vyumba hapa, na kila mwenye kiwanja amejenga vyumba vya kupangisha nyuma ya nyumba yake, sisi pia. Mahali pa kuchimba shimo jipya hapapo tena. Ukichimba huku unakutana na choo cha zamani, ukichimba kule unakutana na msingi wa jirani. Mashimo yakawa mafupi mafupi, na mvua ilipokolea yakafurika, yakamwagikia kwenye mtaro wako, na mtaro ukateremsha yote mpaka chemchemi ya chini, pale nusu ya mtaa inapochota maji ya kunywa. Watoto wakaanza kuhara. Mjukuu wa Papa Kashindi alilazwa hospitalini akitundikiwa serumu, macho yameingia ndani, tukadhani hatarudi. Alirudi, asante Mungu.

Ndiyo, Papa Kashindi yule yule uliyegombana naye juu ya mpaka na juu ya maji ya bafu lake. Alikuja dukani, hakukaa, hakupiga kelele zake za kawaida. Aliniambia tu, “Mutoto wangu, tuko tunakunywa choo yetu.”

Kamati ya mtaa ikamwita binti mmoja kutoka Walikale, jina lake Furaha, aliyesomea mambo ya maji na usafi. Alikuja na mpira mrefu unaoonyesha ndani, ameujaza maji, yeye ameshika ncha moja na Papa Kashindi nyingine, wakapita kiwanja kwa kiwanja kuona maji yanalala wapi na yanateremkia wapi. Walipopima nyuma ya maduka, yalielekea kwetu. Kwa Papa Kashindi, yakaelekea kwetu. Mwishowe yule binti akasimama katikati ya salo yako, bila kujua kama ni sebule ya wageni, akasema, “Maji yote inataka kuja hapa. Na kuta ziko tayari.” Nilitaka kumwambia atoke kwanza aingilie mlangoni.

Alituchorea kwa kijiti chini. Uchafu mzito ubaki kwa kila mtu, kwenye shimo dogo lililojengwa vizuri. Maji yake, pamoja na ya bafu na ya kuoshea vyombo, yaingie kwenye bomba moja linalopita chini ya mtaro mpaka kwenye bwawa lenye vyumba. Chumba cha kwanza yanatulia, taka inashuka chini. Yanavuka kwenda cha pili, yanatulia tena. Cha tatu yanakaribia kuwa meupe. Kisha yanatoka kwenye kokoto na migomba, mbali na chemchemi. Vyumba vyenyewe ni ghali kujenga, alisema, na hapa Mungu ametusaidia vimeshajengwa. Mimi nikajua ni nani aliyelala juu ya mifuko Hombo.

Mama aliposikia aliweka chini sufuria ya ugali. “Nyumba ya bwana yangu munataka ikuwe choo ya Mubi muzima?” Akamtazama Papa Kashindi kana kwamba hilo lilikuwa shauri lake tangu zamani. Kamati ikaondoka imeinamisha vichwa. Kwa siku kadhaa alinijibu kwa mguno tu.

Nami sikuwa na hakika, Papa. Nilikuwa nashuka asubuhi nazunguka kuta zako. Ndani palikuwa pamejaa maji ya mvua, vyura na mifuko ya nailoni. Nikifikiria kukubali naona sura yako, nikifikiria kukataa naona macho ya yule mtoto. Basi nikawapigia simu kaka na dada. Sikuwauliza juu ya choo. Niliwauliza kitu kimoja: ni nani kati yetu atakayekuja kuimalizia nyumba ya Papa na kulala ndani yake?

Paluku alikohoa kwanza. Akasema, “Kavira, mi niko na nyumba huku Goma, batoto banasoma huku.” Masika, kule Kampala, alivuta makamasi. Akasema hata ajengewe ghorofa, yeye harudi kwenye ile barabara.

Nilimwambia Mama. Sikupunguza neno. Alichukua kiti chake kidogo cha jikoni, akashuka nacho, akapita mlangoni, akavuka salo maji yakimfika kwenye vifundo, akaingia kwenye chumba chenu, wewe na yeye, kile cha juu kidogo ambacho hakikushika maji. Akakaa. Mimi nilibaki nje ya ukuta na sikuthubutu kumwita. Alikaa mpaka jua likawa kali. Aliporudi akaniambia, “Bachukue. Ila chumba yetu basiiguse.”

Hawakuigusa. Mama amepanda mboga za lengalenga humo. Anasema ni zake na zako, na hapewi mtu.

Kazi yenyewe ungeipenda, Papa, ungewasumbua wote. Watu walichimba ndani ya kuta wakitafuta chini ya mawe yako, na kila walipoenda chini mawe yalikuwepo, mpaka fundi akauliza ni nani aliyejenga hivi, alikuwa anajenga nyumba ya Serikali? Wakasiliba kwa simenti, wakatoboa matundu kati ya salo na chumba cha Paluku, na kati ya chumba cha Paluku na chetu. Wakafunika kwa vipande vya zege vyenye vishikio. Kila mwenye kiwanja alichimba njia ya bomba lake mwenyewe. Wafanyabiashara wenzako kutoka Butembo walilalamika sana, wakachimba. Papa Kashindi ndiye anayesimamia. Siku bomba lake lilipounganishwa na letu, alitazama mahali pale mlipokuwa mkitukanana, akasema, “Angekuwepo, angenikatalia mpaka leo.” Halafu akavua kofia, akageuka upande mwingine.

Sitakudanganya kwamba kila kitu ni kizuri. Kuna mpangaji anatupa mifuko chooni na bado hatujamjua. Wiki za kwanza kulikuwa na harufu, na Mama kila akipita anaisemea picha yako ukutani, “Salo yako inanuka.” Mvua kubwa ya kwanza ilipokuja sikufungua duka. Nilishuka na Furaha tukasimama juu ya kuta, tunasikia maji yanaingia. Yaliingia mengi, ya rangi mbaya, nisiyotaka kukuelezea. Kule mwisho, kwenye chumba cha babinti, alininyanyulia mfuniko nikachungulia. Jua lilikuwa limechomoza baada ya mvua. Niliona chini yangu maji yametulia, na uso wangu ndani yake. Nikakaa juu ya ukuta nikalia kama siku ya kilio chako, na yule binti wa watu akabaki ameshika mfuniko hajui afanye nini.

Maji ya chemchemi bado tunayachemsha, lakini hayajanuka tena, na watoto hawajalazwa tangu hapo.

Papa, kuna neno ambalo hakuna aliyekuambia ulipokuwa unauliza bei ya mabati. Nakuambia mimi. Hatutarudi wote. Noeli ile ya paa moja haitakuwepo. Nadhani ulijua, na ndiyo maana ulikuwa unauliza kwa sauti ndogo. Inaniuma, na sijui kama inaniuma kwa ajili yako au kwa ajili yangu niliyebaki na Mama.

Juzi Paluku alipiga simu. Aliongea juu ya hali ya hewa, juu ya afya ya Mama, akazungukazunguka, kisha akauliza, “Na chumba yangu, iko namna gani?” Tangu tulipokuwa watoto hajawahi kuniuliza. Nikamwambia iko inajaa, itabidi tuitoe tope kabla ya mvua zijazo. Akacheka, halafu hakucheka tena. Kesho yake Masika naye akaandika ananiomba nimpigie picha ya chumba chetu, hata kama ni mfuniko tu. Nimempigia.

Basi lala, Papa. Mama ni mzima, duka linakwenda, buti zako zinanitosha nikivaa soksi mbili. Hawa ndugu zangu hawatakuja, lakini nyumba yao ipo na inafanya kazi. Nakuahidi haitauzwa nikiwa hai. Tope likijaa sitamwachia mtu wa kazi. Nitafungua mifuniko mwenyewe, niingie na koleo, na nitawasafishia vyumba vyao.

Binti yako,
Kavira