Niling'oa Mawaridi ya Marehemu Nikapanda Minji

Kinangop, 20 Machi 1995

Kwako Mshauri Filister,

Nakuomba unisaidie kabla Pasaka haijafika, maana nina raha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu niolewe na raha hiyo hiyo inanichoma. Mimi naitwa Phanice, nimeishi mtaa wa Kongo kule Kawangware, Nairobi, miaka tisa na mume wangu Maurice, ambaye ni fundi wa mbao, na binti yetu Valary wa miaka minne. Mwenye ploti yetu ni Mzee Ishmael wa Riruta Satellite, na Desemba alimwambia Maurice kwamba ana nyumba ya mbao huku mlimani, aliijenga zamani familia iwe ikipumzika wakati wa kiangazi, lakini tangu mkewe Gathoni afariki miaka minne iliyopita hakuna aliyeitunza, sakafu imeoza na mlango haufungi, kwa hiyo tuje tukae, Maurice arekebishe na mimi niwashe moto nyumba ipate joto.

Mshauri, nilizoea chumba kimoja na foleni ya mfereji, sasa naamka nafungua dirisha naona ukungu unapanda kutoka bondeni, maji ni ya chemchemi, mchana jua linawaka vizuri tunakula nje barazani, na Valary amenenepa mpaka nguo za Krismasi zimemkataa. Nikasema hapa lazima nilime. Nyuma ya nyumba palikuwa na kichaka cha miiba, kikavu, hakina jani wala ua, nikaking'oa chote kwa jembe siku mbili, vile vijiti vya miiba nikavichomeka kuzunguka shamba kuzuia mbuzi wa jirani, nikapanda minji, yaani njegere, viazi na sukuma wiki. Mrenda, mboga ya kwetu ambayo mbegu zake nilitoka nazo nyumbani, uliota urefu wa kidole ukagoma kwa baridi, lakini minji nilikuwa naifunika kwa magunia kila jioni isiunguzwe na barafu ya alfajiri, nayo ikanisikia, ikapanda.

Katikati ya Februari Mzee akaja na binti yake Ciru. Mzee alisimama nyuma ya nyumba muda mrefu, kisha akaingia ndani. Ciru akanifuata jikoni.

"Hapa nyuma si ndio mum alikuwa na mawaridi yake?" akaniuliza. "Alizipanda akiwa na mimba yangu. Zilienda wapi?"

Mdomo ukajisemea wenyewe: "Zilikauka. Jua ilikuwa kali sana."

Ciru alilia kidogo, halafu akanishukuru kwa kuangalia nyumba. Kunishukuru!

Tangu siku hiyo Mzee huja kila baada ya wiki mbili, tunakaa naye barazani tukitoa minji kwenye maganda, anamfundisha Valary kuhesabu kwa Kikuyu, anacheka, na wiki jana ametuambia tubaki huku kabisa, Maurice afungue karakana yake. Maurice anaimba akipiga randa. Mimi nacheka nao, nikigeuka naona ile miiba. Na sasa mvua imeanza na vijiti vinne vya uzio vimetoa majani, kimoja kina tumba. Nilipomwonyesha Maurice alipiga makofi.

"Sasa shida iko wapi? Tunahamisha hizi nne mbele ya nyumba, wakikuja Pasaka tunasema zimefufuka."

"Unataka nidanganye mara ya pili?"

"Si kudanganya, ni kunyamaza tu. Ukisema, tutarudi Kongo. Valary utamwambia nini?"

Mshauri, nifanyeje?

Phanice

JIBU

Phanice, pumua kwanza. Kung'oa kichaka kikavu ambacho hakuna aliyekuambia ni cha nani si kosa. Hata mimi ningeking'oa. Kwa hilo usijipige. Lakini ulipomwambia binti wa watu kwamba maua ya mamake yalikauka, na ni mikono yako iliyoyang'oa, ukamwacha alie kwa jambo lisilo kweli, hapo ulimkosea. Usinitajie jua.

Mwambie Maurice nimesoma mpango wake wa ufufuo nikacheka, kisha nikakasirika. Mwaka ujao Ciru atauliza mbona mawaridi yametoka nyuma yakaja mbele. Mtafufua nini tena?

Najua unaiogopa Kongo. Ningekuwa na baraza hilo ningeiogopa pia. Ila uliishi huko miaka tisa ukicheka bila kugeuka nyuma.

Usingoje Pasaka, nyumba ikijaa watu utakosa ujasiri. Jumamosi hii shuka Riruta, wewe na Maurice. Omba Mzee na Ciru wakae pamoja, maana kumwambia mmoja ili amfikishie mwenzake ni woga. Usibebe minji wala zawadi. Sema: niling'oa, sikujua, nilipojua nikadanganya. Maneno machache, na machozi uyaweke kando. Kisha waulize wanataka ile minne ipandwe wapi, na wakisema minji itoke, uitoe wewe, siku hiyo hiyo. Wakiwaambia mrudi Kongo, rudini. Lakini nenda.

Filister

Barua ifuatayo ilinifikia baada ya Pasaka. Naichapisha kwa ruhusa ya Phanice.

Mshauri, nilienda. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kiti nilikikataa. Maurice alikuwa anaangalia viatu vyake. Mzee alimaliza kikombe chote cha chai ndipo akanijibu.

"Hiyo fensi niliiona siku ya kwanza," akasema. "Hiyo miiba imenidunga miaka ishirini na mitano. Nilikasirika, Phanice, sitakuficha. Halafu nikaona vile umelima, nikasema wacha ningoje, ataniambia mwenyewe."

Ciru aliinuka akatoka. Pasaka walikuja wote. Mzee alichimba mashimo manne ya mawaridi kando ya baraza kwa mikono yake, akasema minji ibaki ilipo na sisi tubaki na minji yetu. Ciru alinisalimia kama mtu anayemsalimia karani wa ofisi, siku tatu nzima. Nilijua nimeyataka mwenyewe, sikulalamika.

Jumatatu nilikuwa nimechutama nikikata kijiti kimoja kilichokauka ncha, nikasikia hatua nyuma yangu.

"Si hapo," Ciru akasema.

Akachutama, akanishika mkono wenye kisu, akausogeza chini kidogo.

"Mum alikuwa anakata hapa, juu ya jicho hili linalochipua, na kisu ikilala hivi. Jaribu."

Nikajaribu. Akasema niko karibu, nijaribu kile kingine, na tukakaa pale tukikata mpaka mvua ikatufukuza.