Udongo Niliokuletea

Fundi,

Kaburini kwako pameota mboga. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonifanya nitafute karatasi, na kwa sababu wewe ungecheka kwanza kabla ya kuuliza kulikoni.

Ni majani mapana yanayong'aa, yana mishipa minene. Mvua za Oktoba zilipoanza tuliona vichipukizi vitatu upande wa kichwa. Mzee anayefyeka nyasi pale makaburini aliinama, akalishika jani, akasema, "Eish, baba, ni ispinashi hii." Bi Zuhura alimkatalia papo hapo. Alisema hakuna mtu aliyepanda mboga juu ya mume wake. Mmea huu umetoka kwenye udongo wa babu, ule ambao Mwalimu aliuleta kutoka Ufaransa. Tangu siku hiyo kila Ijumaa mkeo anakwenda kuumwagilia maji, na kila Ijumaa mimi ndiye ninayembebea chupa.

Bi Zuhura amekosea jambo moja tu. Mmea umetoka kweli kwenye udongo niliouleta. Lakini udongo ule haukutoka kwa babu yako.

Nimeandika sentensi hiyo nikaweka kalamu chini. Niko zamu ya mchana hapa Clairwood, huku Natali, kwenye kibanda changu cha geti, na malori mawili yamepiga honi mpaka dereva mmoja ameshuka kuja kutazama kama nimezirai. Nimewafungulia. Sasa nimerudi. Kule Uvira nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu: simulia tangu mwanzo, na usiruke pale panapokuuma. Nami nitajaribu.

Unakumbuka tulivyojuana. Nilileta baiskeli yenye pancha kwenye karakana yako pale Greyville. Nilipokuwa nasubiri, Mkongo mwenzangu alipita tukasalimiana kwa Kifaransa. Ukaacha tairi, ukafuta mikono, ukatoa kwenye droo karatasi iliyofungwa ndani ya nailoni mbili. "Mwalimu," ulisema, na hukuwa umeambiwa kuwa mimi ni mwalimu, "hii imekaa kwetu Tanga tangu baba yangu hajatahiriwa. Nisomee."

Nikakusomea. Ilikuwa karatasi ya jeshi la Wafaransa. Babu yako, Mngazija, alipelekwa kwao kupigana katika ile vita kuu ya kwanza, akafia kaskazini mwa nchi yao, akazikwa katika makaburi fulani, safu fulani, namba fulani. Ulinitaka nirudie safu na namba mara mbili. Halafu ukasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo ana mahali."

Hukunitoza kitu kwa ile pancha. Jumapili iliyofuata ukanichukua ufukweni kuniona ninavyoendesha, ukashika kichwa. "Nyinyi Wakongo, hata msipobeba mkaa mnaendesha kama mmebeba mkaa!" Nikakujibu kwamba nyinyi Waswahili mnaendesha kama mnasubiri kupigwa picha. Ndivyo tulivyoanza. Miaka tisa ya Jumapili, kwenye ile njia ya kando ya bahari, mpaka mdomo wa mto Umgeni na kurudi. Njia tambarare. Wewe kila mara ulitaka turudi kwa kupandisha mlima wa Berea, na mimi kila mara nilikuwa na goti, au wageni nyumbani, au Misa. Ulikuwa unaniambia, "Ukichoka shuka usukume. Nani anakuangalia?"

Sikuwahi kushuka nikasukuma mbele yako. Nilikuwa nazunguka. Nikiangalia nyuma, maisha yangu yote tangu nitoke kwetu nimekuwa mtu wa kuzunguka.

Binti yangu Furaha aliponiita kwake Ufaransa, moyo wako ulikuwa umeshaharibika na daktari alikuwa amekukataza ndege. Ulinifundisha mwaka mzima namna ya kubadilisha gia, namna ya kukaa upepo unapotoka mbele. Siku ya mwisho ulinipa kile kikopo cha bati cha viraka, umekisugua mpaka kinang'aa. "Niletee udongo wake, kiganja kimoja tu. Na nenda kwa baiskeli, Mwalimu, si kwa gari kama mtalii. Yeye alifika kule kwa miguu yake." Nikakuapia. Kumbuka kwamba hukuniomba kiapo. Nilijitolea mwenyewe.

Sasa nikuambie safari ile, maana nusu ya niliyokuambia ilikuwa kweli, na ningependa uijue nusu hiyo.

Niliondoka asubuhi kwa baiskeli ya mkwe wangu. Ilikuwa Septemba. Nchi ile imelala, Fundi. Sijawahi kuona ardhi iliyolala hivyo. Ngano imeshavunwa, yamebaki mabua ya rangi ya mkate, na baada ya mabua ni mashamba ya viazi sukari, hekta kwa hekta. Ulikataa kabisa niliposema Wafaransa wanatoa sukari kwenye kiazi, ukasema wananidanganya kwa sababu hawajaona muwa wa Natali. Ni kweli wanatoa. Nilipita kijiji ambacho kanisa lake limejengwa kwa matofali kama ngome, lina matundu ya kupitishia bunduki. Nilipita makaburi ya Wajerumani yenye misalaba myeusi, kando ya barabara, na trekta likilima umbali wa hatua thelathini. Halafu mbele, juu ya kilima kilicho peke yake katikati ya tambarare, likatokea kanisa kuu la Laon. Nililiona saa nzima kabla ya kulifikia. Juu ya minara yake wamechongwa ng'ombe wa mawe, wanachungulia chini. Wanasema ni heshima kwa ng'ombe waliovuta mawe mpaka juu. Niliwaza kwamba wewe ungewapenda watu wanaomkumbuka mnyama aliyepandisha mzigo.

Mji ule niliupitia chini, kwa kuuzunguka.

Baada ya Laon upepo uligeuka ukaja usoni. Nilikuwa na miaka sitini na saba na nimeendesha tangu saa moja. Kisha nikaona kile ambacho ramani haikuniambia, au nilichokataa kukisoma kwenye ramani: makaburi ya babu yako hayako tambarare. Yako juu ya mgongo wa kilima mrefu unaokata upeo wote kama ukuta. Kilomita nne zilikuwa zimebaki, tatu zikiwa za kupanda.

Nilisimama kwenye mkahawa chini ya kilima nikanywa kahawa. Nilikuwa nimekaa pale wakati walipofika wazee watano Wafaransa, wa rika letu, wamevaa nguo za kubana za rangi ya chungwa. Waliniona na baiskeli wakafurahi. Mmoja, mwenye masharubu, aliniuliza kama napanda juu, niende nao, watakwenda polepole. Alisema kwa wema kabisa. Labda nilisikia huruma ndani ya neno lile, polepole, labda haikuwamo. Nikamjibu, "Nimeshatoka huko, bwana. Ndiyo nateremka."

Basi. Sikukuambia hilo. Sijamwambia mtu yeyote. Wakanipongeza! Mwenye masharubu alinipiga begani. Wakaondoka kupanda, nami sikuweza tena kuwafuata, kwa sababu tayari nilikuwa nimeshatoka huko.

Nikageuza. Upepo ulikuwa sasa mgongoni na baiskeli ilikwenda yenyewe, na naona haya kukuambia kwamba kwa dakika chache nilifurahi. Kabla ya Laon nilisimama kando ya shamba la viazi sukari, nikapiga magoti, nikajaza kikopo chako. Udongo ulikuwa mweusi, una vijiwe na punje ndogo kavu zenye makunyanzi. Nilidhani ni mabonge ya udongo. Sasa najua zilikuwa mbegu.

Jioni nilipanda treni. Furaha aliniuliza, "Papa, ulifika?" Nikasema nilifika. Kulikuwa na siku sita zimebaki na gari mlangoni. Ningeweza kurudi kesho yake, na keshokutwa. Lakini mtu aliyekwisha kufika anarudi kufanya nini?

Ulinipokea karakanani. Uliweka kikopo juu ya meza ya kazi, hukukifungua mpaka uliponawa mikono. Ukanusa. Ukasema, "Unanuka shamba." Nikautazama mlango. Ukatabasamu: "Afadhali. Kumbe amelala mahali pazuri." Kisha ukauliza kama nilimsalimia. Nikasema nilimsalimia. "Kwa lugha gani?"

"Kwa Kiswahili."

Uligeuka ukajifanya unatafuta bisibisi. Ukasema, huku umenipa mgongo, "Miaka mia. Angalau amesikia mtu wa kwao."

Fundi, nimeishi na mengi. Niliacha nyumba Uvira mlango ukiwa wazi, nikamwacha mama yangu pia ndani, na hilo nalibeba. Lakini lile lilikuwa la vita, na vita nawagawia wengine. Hili halina mwingine. Hakuna aliyenifukuza. Niliogopa mlima mdogo na huruma ya mzee mwenye masharubu.

Ulipofariki, Agosti, Bi Zuhura alikitoa kikopo kabatini akasema uliagiza udongo ule uwekwe juu yako, na auweke Mwalimu. Sheikh alisita, akasema haina ubaya, udongo ni udongo. Mimi Mkristo nikaitwa mbele ya wanaume wote wa Greyville, Watanzania, Warundi, Wakongo wangu, wakanipisha njia. Nikamimina. Mtu nyuma yangu akasema, "Huyu ndiye rafiki." Ningeweza kusema pale. Nilikung'uta kikopo mpaka punje ya mwisho.

Mambo mengine yamebadilika. Karakana ameichukua Mrundi anayetengeneza simu. Ni mtu mwema, ameacha bango lako lenye gurudumu kwa sababu anasema wateja wanalijua. Baiskeli yako Bi Zuhura amenipa mimi. Nilikataa mara mbili. Iko hapa nje ya kibanda, na mnyororo wake unanung'unika kwa sababu sijui kuupaka mafuta kama wewe.

Na sasa ndiyo sababu ya barua kuandikwa leo, Alhamisi. Dada yako wa Tanga amesikia habari za mmea, akalia kwenye simu. Ameomba upelekwe kwao, uoteshwe nyumbani, watoto wote wa ukoo wauone. Bi Zuhura anasafiri Jumapili. Wiki iliyopita, tulipotoka makaburini na kusimama kwenye robot, zile taa za barabarani, tukisubiri kuvuka, alinishika mkono akasema, "Shemeji, Ijumaa ijayo utanisaidia kung'oa mmoja, uingie kwenye mkebe na udongo wake. Nitawaambia: aliyefika ndiye aliyeung'oa."

Hiyo Ijumaa ni kesho.

Nimejaribu kujiambia kwamba hakuna ubaya. Udongo ni udongo, sheikh amesema. Bibi anafarijika, ukoo unafarijika. Nimesoma vitabu vya kutosha kujua namna ya kuipamba hoja hiyo, na Jumatatu nzima niliipamba. Lakini naona watoto wa Tanga wamekaa kuzunguka kiazi cha sukari cha Mfaransa, wanaambiwa huyu ni babu. Naye babu mwenyewe yuko kule juu, safu ile, namba ile niliyokusomea mara mbili, na hajasalimiwa na mtu. Nilikunyima wewe, nikamnyima yeye. Sasa ningewanyima na wale ambao hawajazaliwa.

Kwa hiyo kesho nitamwambia Bi Zuhura. Nitamwambia palepale kaburini, kabla hajafungua chupa, kabla hajainama, ili asije akakumbuka kwamba alimwagilia mara moja zaidi huku mimi nikijua. Huenda akanifukuza. Huenda akadai baiskeli, nami nitairudisha ikiwa safi. Kama atasema ning'oe yote mitatu nitang'oa, na kama atasema iachwe itaachwa. Nina neno moja tu la kumwomba, nalo ni kikopo. Ninakihitaji tena.

Nimeanza kupandisha Berea, Fundi. Asubuhi tatu sasa, kabla ya zamu. Mara ya kwanza nilishuka kabla hata ya kufika nusu, nikasukuma baiskeli yako mpaka juu huku jasho linanitiririka. Mama mmoja aliyekuwa anafagia mbele ya duka alinitazama, akasema, "Sharp, mkhulu," yaani safi, babu, akaendelea kufagia. Ndivyo ilivyokuwa tu. Hicho ndicho nilichokiogopa miaka tisa.

Mwezi wa tano Furaha ananingoja. Nitapita tena kwenye yale mashamba, nitawaona ng'ombe wa mawe, na safari hii sitauzunguka mji wao. Nitakwenda mpaka kwenye ile safu, nitatafuta ile namba kwa kidole, nami nitamwambia kwa Kiswahili jina lako, na kwamba ulimtafuta, na kwamba aliyetumwa alichelewa kwa kosa lake mwenyewe. Halafu nitajaza kikopo. Utakapomiminiwa, utaujua. Udongo huo utanuka kitu kingine.

Pumzika sasa. Usiniombee radhi kwa mtu. Nitaziomba mwenyewe, kuanzia kesho.

Na pale chini ya kilima, miguu ikikataa, nitashuka nisukume.

Mwalimu wako